Vichwa vipungue kwanza mazoezini

Jeff Astle, mshambuliaji wa klabu ya England, West Bromwich Albion, aliyesifika kwa mabao ya kichwa, alifariki Januari 2002 akiwa na umri wa miaka 59 tu, kumbukumbu zikiwa zimekwisha kumpotea. Uchunguzi rasmi wa kifo chake, uliotolewa uamuzi Novemba mwaka huohuo, ulisema aliuawa na ugonjwa uliotokana na kazi yake, yaani kupiga mpira kwa kichwa mara kwa mara. Mwaka 2014 Dakta Willie Stewart, mtaalamu wa maradhi ya ubongo wa Glasgow, Scotland, aliuchunguza upya ubongo wake na kukuta madhara yanayofanana na yale ya mabondia.

Wengi hujifariji kwamba hayo yalikuwa ya enzi za mipira ya ngozi iliyonyonya maji ikawa mizito. Sioni msingi wa faraja hiyo. Mpira wa leo haulowi kama ule, lakini bado una gramu 410 hadi 450, na unapokuja kwa kasi kutoka kwenye krosi au mkwaju wa kipa, ubongo hutikisika ndani ya fuvu hata kama mchezaji hakuzirai wala hakuhisi maumivu.

Mwaka 2019 Stewart na wenzake walichapisha matokeo ya kulinganisha vifo vya wanasoka wa kulipwa wa zamani 7,676 wa Scotland na watu wengine 23,028. Wanasoka walikufa kwa maradhi ya kuharibika ubongo takribani mara tatu na nusu zaidi, ingawa walikufa kwa uchache zaidi kwa maradhi ya moyo na saratani ya mapafu. Kwa hiyo hakuna anayesema watoto waache soka. Kilichonishtua mimi ni matokeo ya mwaka 2021: hatari ya maradhi hayo ya ubongo kwa makipa, ambao hupiga kichwa kwa nadra, ilikaribiana na ya watu wa kawaida, ilhali kwa mabeki ilikuwa takribani mara tano. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi peke yake kwamba chanzo ni vichwa, yaani kupiga mpira kwa kichwa, lakini kocha anayefundisha watoto hana haki ya kuupuuza.

Marekani ilizuia vichwa kwa watoto wa miaka 10 na chini tangu 2015. England, Scotland na Ireland ya Kaskazini ziliviondoa katika mazoezi ya watoto wa shule za msingi Februari 2020, na kuanzia msimu wa 2021 wachezaji wa kulipwa wa England walishauriwa wasizidishe vichwa kumi vya nguvu kwa wiki mazoezini.

Mkazo huo juu ya mazoezi ndio ninaouunga mkono kwa moyo wote. Katika mechi mtoto anaweza kupiga kichwa mara moja au asipige kabisa, lakini kocha akiwapanga mstari na kuwarushia krosi mfululizo, mapigo hayo hulundikana kwa jioni moja tu, tena bila faida ambayo mpira wa chini usingeileta. Kwa walio chini ya miaka 12, mimi ningeviacha kabisa. Wakubwa kidogo wafundishwe kuruka, kuhesabu muda na kukaza shingo kwa mpira mwepesi unaorushwa kwa mkono kutoka karibu, mara chache, na wapumzike siku kadhaa kabla ya kurudia. Na mtoto aliyegongana vichwa na mwenzake kisha akaona kizunguzungu atolewe uwanjani na asirudi siku hiyo, hata kama timu imebaki pungufu na yeye mwenyewe analia akitaka kucheza.