Siku tuliyogeuza njia Cairngorms

Mwezi Februari mwaka 2014, nikiwa mwanafunzi nchini Uskoti, nilikwenda na wenzangu wanne wa klabu ya wapanda milima ya chuo kwenye milima ya Cairngorms, nikiamini kwamba hakuna jambo kubwa ambalo mlima wa huko ungeweza kunifundisha. Nilikulia Marangu, nikabeba mizigo ya wageni miaka kadhaa, kisha nikawa msaidizi wa baba yangu mdogo, ambaye alikuwa mwongozaji mzoefu wa Kilimanjaro. Kibo ina urefu wa mita 5,895. Cairn Gorm, mmojawapo wa milima ya Cairngorms, ina mita 1,245 tu, yaani kilele chake kiko chini kuliko lango la Marangu, mahali ambapo mgeni hajaanza hata kupanda.

Hatari niliyoizoea mimi ilikuwa ya mawe. Januari 2006 mawe yaliporomoka katika njia ya Western Breach na kuwaua Wamarekani watatu, na kila tulipopita njia hiyo baada ya hapo, baba mdogo alituamsha usiku ili tuvuke kabla jua halijalegeza barafu inayoyashikilia mawe. Lakini theluji yenyewe, ile laini inayoanguka kimya, sikuwahi kuihesabu miongoni mwa vitu vinavyoua.

Uskoti, wakati wa majira ya baridi, hutolewa kila siku taarifa ya hatari ya maporomoko ya theluji kwa kila eneo kuu la milima. Ya siku ile ilisema kiwango cha tatu kati ya vitano, hasa kwenye miteremko inayotazama kaskazini na mashariki. Niliposikia tatu nilielewa kwamba ni wastani, kumbe siku za kiwango hicho ndizo zinazochukua watu wengi, kwa sababu mlima unaonekana kupandika.

Tuliingia Coire an t-Sneachda, bonde lenye umbo la bakuli lililozungukwa na kuta za mwamba, tukiwa tumeshafunga kramponi, yaani vyuma vyenye meno, kwenye buti na kila mmoja ameshika shoka lake la barafu. Kiongozi wetu, mtu wa sita, alikuwa mama wa makamo asiyependa maneno mengi. Mwanzoni theluji ilikuwa ngumu, meno ya kramponi yakishika vizuri. Tulipoanza kupanda mteremko kuelekea kwenye mfereji wa theluji kati ya kuta za mwamba tulioukusudia kuupanda, ikabadilika, ikawa nyeupe butu kama chaki na kulia chini ya buti. Hatua chache baadaye nilisikia mshindo mzito, kama gunia la mahindi lililoangushwa sakafuni katika chumba cha pili, na ufa mwembamba kama uzi ukatoka kwenye ncha ya buti langu la kulia ukakimbia karibu mita nne.

Kiongozi akasema tusimame, kisha turudi kwa nyayo zetu wenyewe, mmoja mmoja, tukiachana nafasi. Mwenzetu mmoja alilalamika kwamba tumetoka mbali na mfereji uko pale juu tu, nami, jambo ninaloliona aibu mpaka leo, nilimuunga mkono, nikasema tukienda haraka tutavuka.

Yule mama hakubishana nasi. Alitushusha hadi kwenye kimteremko kifupi kilichotazama upande uleule, ambapo hapakuwa na cha kutufukia, akachimba shimo kwa koleo na kukata nguzo ya theluji yenye upana wa sentimita 30 kila upande. Akaweka koleo juu yake, akaligonga mara kumi kwa nguvu ya kiganja, kisha akaanza kugonga kwa mkono kuanzia kwenye kiwiko. Pigo la pili la kiwiko halikuwa kali, lakini tabaka la juu, lenye unene wa sentimita 40 hivi, lilichomoka lote kwa pamoja na kuteleza kama droo inayovutwa.

Akanipa mkononi chembe zilizokuwa chini ya tabaka lile. Zilikuwa za mviringo, zimetengana, ukubwa wake ukikaribia ule wa ulezi tunaopikia mbege nyumbani, na nilipoinamisha kiganja zilitiririka zote chini. Alieleza kwamba upepo ulikuwa umeikwangua theluji ya uwanda wa juu siku mbili mfululizo, ukaishusha bondeni na kuishindilia juu ya chembe hizo, na kwamba mita moja ya ujazo ya theluji ya namna hiyo inaweza kufikia kilo 300. Nilitazama juu, nikakadiria upana wa mteremko tuliokuwa tumeanza kuupanda, nikaacha kukadiria. Aliyefukiwa hukosa hewa haraka; baada ya dakika 15 matumaini ya kumtoa hai hupungua sana, na sisi tulikuwa na makoleo mawili kwa watu sita.

Tulirudi kwa miguu hadi maegeshoni bila mazungumzo mengi. Usiku nikampigia simu baba mdogo, nikamsimulia kila kitu, pamoja na maneno niliyoyasema mbele ya yule mama. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza.

"Upepo ulikuwa unatoka upande gani, mwanangu?" aliuliza.

Nikamjibu kwamba ulitoka kusini-magharibi.

"Na ninyi mlikuwa mnapanda upande gani?"

Nikamwambia kaskazini-mashariki. Akanyamaza kidogo, kisha akanitaka nimweleze tena, taratibu, jinsi yule mama alivyoikata ile nguzo.