Harusi tunachanga laki, redio hata jero hatutoi

Bibi yangu hapigi simu asubuhi kama hakuna msiba, kwa hiyo siku ile simu ilivoita saa kumi na mbili na robo nikapokea roho juu. Shikamoo bibi. "Marahaba mume wangu. Redio imekufa."

Nikamuuliza kama amebadilisha betri, akanijibu kwa ile sauti ya mtu anayeongea na mjinga, betri kanunua jana, redio zingine zote zinaongea vizuri tu, mpaka ya Wamsumbiji inaingia, ila yetu ndo inafanya shhhhhh. Yetu. Hajawahi kutoa hata shilingi kwenye ile redio jamii wala hajui studio iko mtaa gani ila ni yetu, na mi sikumbishia kwa sababu nami huwa nasema hivohivo.

Hii ni msimu wa korosho wa 2024. Bibi anakaa upande wa Nanguruwe, Mtwara vijijini, ana mikorosho yake michache aliyoachiwa na babu, na maisha yake ya kuanzia mwezi wa kumi mpaka wa kumi na mbili yanaenda na redio. Asubuhi anasikiliza matangazo ya misiba, anakuwa anataja kwa kidole kila jina, huyu wa ukoo wa fulani, huyu namjua mama yake. Jioni anasubiri habari za mnada, bei ya juu ngapi, bei ya chini ngapi, wakulima wamekubali au wamegoma. Kama wewe si mtu wa kusini ngoja nikueleze fasta. Korosho huku haiuzwi kienyeji, unapeleka AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima wa hapo kwenu, inaenda ghalani, halafu chama kikuu cha ushirika, kwa Mtwara na Masasi ni MAMCU, kwa Newala na Tandahimba TANECU, kwa Ruangwa Nachingwea na Liwale RUNALI, kinauza kwa mnada na pesa inakuja benki baadaye. Hiyo ndo stakabadhi ghalani. Pembeni yake kuna kangomba, jamaa wanaokuja na bakuli na pesa mkononi usiku usiku, wananunua kwa bei ya kukutoa roho, ni kinyume cha sheria lakini mtu mwenye njaa au mwenye mtoto anayedaiwa ada hamuulizi mtu sheria.

Sasa redio ilikaa kimya siku tisa. Siku ya tatu au ya nne wakaja kangomba kijijini kwa bibi wakasema jamani bei mnadani imeanguka, wanunuzi wamesusa, uzeni sasa hivi kabla haijashuka zaidi. Na watu wakaamini! Kwa nini wasiamini, kwanza 2018 tuliiona kwa macho yetu, wanunuzi walisusa kweli mpaka Magufuli akatangaza serikali inanunua yenyewe kwa 3,300 kilo na malori ya jeshi yakaja kubeba, kwa hiyo stori ya kususa haisikiki kama uongo masikioni kwa mtu wa huku. Jirani ya bibi akauza gunia zima kwa buku mbili kilo. Ijumaa yake mjukuu wake akaja kutoka mjini, akamwambia mnada wa wiki ile bei ilivuka elfu tatu. Yule mama hakulia wala nini, bibi anasema alikaa tu kwenye kigoda akawa anasema "haya" kila baada ya muda. Haya. Haya.

Mi hiyo "haya" ndo ilinikaa kichwani.

Nikaenda studio. Jina la redio sitaji, si vizuri, wenyewe wanajitahidi na mnaoishi hapa mtajua au mtakosea, Mtwara na Lindi redio si haba siku hizi, kuna Jamii FM, kuna Pride, Safari, Lindi mjini kuna Mashujaa, Ruangwa wana yao. Mi nina rafiki yangu anasoma habari hapo nilipoenda. Chumba kidogo, ukutani trei za mayai zimegandishwa ili sauti isirudi, feni moja inazimwa kipindi kikianza kwa sababu inaunguruma kwenye maiki. Watangazaji sita, wanaolipwa mshahara wa kueleweka wawili, waliobaki ni wa kujitolea, wanapewa nauli ikipatikana. Kilichotokea ni umeme. Ulikatika usiku, ukarudi kwa kishindo, ukaunguza pawasaplai ya mtambo wa kurushia matangazo. Gesi inatoka Msimbati pale, tunaiona bomba linavoondoka kwenda Dar, umeme wa kuwasha redio unatuunguzia vifaa, haya mambo mi huwa sitaki hata kuyaanza maana sitamaliza.

Kifaa kinatoka Dar, fundi naye anatoka Dar, fundi anataka nauli ya kuja na kurudi na posho na pa kulala. Hela yote iliyokuwa inatakiwa, rafiki yangu alivonitajia nikacheka, siyo kwa dharau, nilicheka kwa sababu ilikuwa chini ya nusu ya ile tuliyochanga kwenye harusi ya mshkaji wetu mwezi wa nane.

Hapa ndo nilipotaka kufika. Sisi watu wa huku tunajua kuchanga jamani, asikudanganye mtu. Kadi ya harusi inakuja, single hamsini, dabo laki, na unatoa, unakopa unatoa, kamati inakupigia simu kila siku kama unadaiwa na benki. Msiba unachanga, jando unachanga, mtoto wa unyago anatoka unachanga na kuvaa sare ya kitenge juu. Ila redio, ambayo inatangaza hiyo harusi, inatangaza huo msiba na inasema huyo mtoto katoka lini, hiyo tunaona ni kama mvua, inanyesha yenyewe.

Kuna mtu atasema mbona tunalipia, salamu unalipia, tangazo la msiba unalipia. Ni kweli, ila angalia tunalipia nini. Tunalipia jina letu lisomwe. Kile kipindi cha jioni cha bei za korosho hakina mtu anayelipa, kwa sababu hakuna jina la mtu ndani yake, ni bei tu. Dada anayekifanya anapanda bodaboda kwenda mnadani kwa hela yake mwenyewe, mnada leo uko huku kesho kutwa uko kule, anarekodi kwa simu yenye kioo kimepasuka, anarudi. Na leseni ya redio jamii ni ya kuhudumia watu wa eneo lako, siyo ya kufanya biashara ya kupata faida, kwa hiyo usitegemee watatajirika kwa matangazo, matangazo yenyewe ya nani, duka la sulfa, ile dawa ya mikorosho, na baa mbili. Miradi ya wafadhili ipo, UNESCO walisaidia sana redio jamii nchi hii kwa vifaa na mafunzo, na kuna mtandao wa TADIO unaoziunganisha, ila mradi una mwisho, ukiisha vipindi vya mradi vinaisha na jenereta inabaki haina mafuta.

Nilikuwa nasoma habari za Marekani, kule kuna stesheni Berkeley inaitwa KPFA, ilianza 1949 kwa wazo kwamba wasikilizaji wenyewe ndo wanailea kwa kuchanga, na mpaka leo redio za umma za mikoani kule zinasimamisha vipindi kila mwaka zinaomba hela hewani, toa ulichonacho. Nilikuwa naona ni ombaomba. Ila mwaka 2025 bunge lao lilifuta dola bilioni 1.1 za redio na televisheni za umma, na stesheni ndogo za vijijini ndo zilikuwa hatarini kuliko za miji mikubwa, zile za mjini zina wasikilizaji wengi wenye hela. Nikasema kumbe hata kwa wenye nacho, redio ya kijijini ni ileile.

Na sisi siyo kwamba hatujawahi. Baba yangu alikuwa mtoto 1973 wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, Redio Tanzania ilikuwa inarusha vipindi na kila kijiji kina vikundi, watu wanakaa chini ya mwembe wanasikiliza, kiongozi ana kitabu, wakimaliza wanajadili halafu wanainuka wanachimba choo. Nchi nzima walishiriki kama watu milioni mbili. Baba anasema redio ilikuwa moja kwa kaya kumi na kitu, na betri walikuwa wananunua kwa zamu. Yaani walichanga betri! Kwa redio ya serikali! Leo kila mtu ana redio kwenye simu yake na hakuna anayechanga kitu.

Basi nikapeleka kwenye grupu la WhatsApp la wana, lile lile la harusi. Nikaandika kistaarabu kabisa. Wa kwanza akajibu na kikatuni cha mtu anakimbia. Wa pili: "we umekuwa afisa habari lini?" Wa tatu ndo alileta hoja, akasema redio ya nini zama hizi bro, kila kitu kipo mtandaoni. Nikamuuliza we Mei 12 ulikuwa wapi. Kimya. Maana mwaka uleule, Mei, kimbunga Hidaya kilipiga tarehe 4 kule Mafia, mvua zikakata barabara ya Dar pale Somanga, tukabaki huku kama kisiwa, mabasi hayaji, nyanya zikapanda, na hatujakaa sawa Jumapili ya tarehe 12 nyaya za intaneti za chini ya bahari zikakatika, nchi nzima mtandao ukawa unasuasua au haupo kabisa. Mi nilijua gari gani limevuka na gari gani limekwama kupitia redio. Na 2019 kimbunga Kenneth, tarehe 25 Aprili, Mtwara nzima tuliambiwa tufunge kazi tukae sehemu salama, bibi aliambiwa na redio kabla mwenyekiti hajafika kwake, kikaenda kutua Cabo Delgado, Msumbiji, kikawaumiza wenzetu ng'ambo ya mto Ruvuma. Intaneti ingekuwepo bibi angeionea wapi, ana simu ya tochi.

Mwisho wa siku zilipatikana elfu arobaini na saba. Grupu la watu sitini na mbili. Wawili walituma buku buku na kuandika "usinitaje".

Wakati huohuo kuna mheshimiwa mmoja, simtaji na cheo chake simtaji, uchaguzi wa serikali za mitaa ulikuwa Novemba 27 na mwakani yake uchaguzi mkuu, akasema atalipa yeye yote, fundi, kifaa, na jenereta mpya juu. Rafiki yangu aliniambia meneja alikaa na ile ofa siku mbili anaizungusha. Mi nilidhani watakubali, na kusema ukweli ningekuwa mimi ningekubali siku ya kwanza kabla hajamaliza sentensi, ila yule dada wa korosho ndo aliuliza kikaoni, sasa siku nikitaka kumuuliza hewani kuhusu barabara? Hakuna aliyejibu. Wakakopa kwa vikoba vya wamama wa soko la samaki, wakaongeza na hela za waliolipia salamu za mwezi mzima kabla, fundi akaja kwa basi la usiku. Siku ya tisa jioni ikarudi, sauti imekwaruza kidogo, na kitu cha kwanza walichorusha ni bei za minada yote iliyopita, moja baada ya moja, polepole, wakarudia mara tatu. Mi nilikuwa Shangani, hapahapa Mtwara mjini, nakunywa kahawa na kashata, nikaona mzee mmoja ametoa kalamu anaandika kwenye kiganja.

Tangu hapo mi natoa buku tano kila mwezi, siyo nyingi, natuma kwa namba ya ofisi tarehe yangu ya mshahara. Tuko kumi na moja sasa. Kuna fundi cherehani, kuna mwalimu wawili, kuna jamaa wa bodaboda anatoa kwa mafuta, yaani anampeleka yule dada mnadani bure mara moja kwa wiki. Hatuna jina, hatuna kadi, kuna mmoja alitaka tutengeneze fulana tukamzomea.

Bibi nilimwambia kuhusu huo mchango alipouliza kwa nini siku hizi redio haikatiki katiki. Akanyamaza. Wiki iliyofuata kondakta wa hiace akanipigia nikachukue mzigo stendi, kiroba cha ming'oko, vile viazi pori vya huku, na chupa ya soda ina karanga, bibi kasema ming'oko ni ya redio, karanga ni zangu. Nikapeleka studio. Walifurahi, wakaichemsha palepale nje kwenye jiko la mlinzi, na jioni mtangazaji akamshukuru hewani, akamtaja jina lake kamili na la babu.

Simu ikaita dakika hiyohiyo. "Wamesema natoka Nanguruwe barabarani. Mimi siyo wa barabarani, mimi wa bondeni. Waambie wasome tena."