Komuni ikileta kufuli mlangoni pa kanisa

Tuanze na lililo wazi: hapa Kongo (RDC), si shefu wa kartie (mkuu wa mtaa), si burgumesta (mkuu wa komuni, yaani sehemu ya mji) wa Katuba wala wa Ruashi mjini Lubumbashi, anayeweza kufunga ibada kwa neno la mdomo. Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 22, inampa kila mtu haki ya kusali, peke yake au na wenzake, hadharani au faraghani. Kifungu cha 61 kinakataza kugusa uhuru wa dini hata katika état de siège (hali ya hatari ambapo jeshi linashika utawala), kama ile iliyotangazwa Kivu Kaskazini na Ituri Mei 2021.

Ila kifungu cha 22 kimeacha mlango wa nyuma: sheria, utulivu wa umma, maadili na haki za wengine. Anayetaka kuwafunga hatasema hapendi mahubiri yenu. Atauliza karatasi, parseli (kiwanja), kisha kelele.

Karatasi zinaongozwa na sheria ya mashirika yasiyo ya faida, namba 004/2001 ya 20 Julai 2001. Personnalité juridique, yaani kutambuliwa kisheria, inatolewa na Waziri wa Sheria, si komuni. Faili lina statuts (katiba ya kanisa) zilizopita kwa notaire (mthibitishaji wa hati), PV (ripoti rasmi) ya mkutano wa kuanzisha, orodha ya wanachama yenye saini, na tamko linalowataja viongozi. Hakikisheni jina la kanisa limeandikwa sawasawa kila mahali. Herufi moja ikitofautiana mnampa karani sababu ya kuwarudisha. Maoni mazuri ya wizara inayohusika yanahesabika kama ruhusa ya muda, isiyozidi miezi 6. Muda huo ukipita kimya, sheria inachukulia kwamba mmekubaliwa, na Waziri ana mwezi 1 wa kutoa arrêté, yaani uamuzi wake wa maandishi. Kwa hiyo ile barua ya maoni itunzeni kama dhahabu. Parokia iliyo chini ya jumuiya kubwa iombe huko nakala ya arrêté na barua ya kumtambua mchungaji.

Kwenye parseli ndipo makanisa yanapoumia zaidi. Fiche parcellaire, karatasi ya kiwanja inayotolewa na komuni, haithibitishi umiliki. Hati yenyewe ni certificat d'enregistrement, inayotoka kwa conservateur des titres immobiliers (msajili wa hati za ardhi), na iandikwe kwa jina la kanisa. Ikiwa kwa jina la mchungaji, siku akifa watoto wake wanarithi benchi, altare na bati lote juu yake, na hapo serikali haina hata haja ya kuingilia.

Kelele? Jirani anayelalamikia mkesha si adui wa Injili. Bafle (spika) isitazame dirisha wala mlango, na isiegemee ukuta unaopakana na jirani, maana besi inapita kwenye tofali. Saa nne usiku ikifika, zimeni besi, ngoma ziwekwe chini, sauti zibaki. Anayekataa hata hilo asije akalia kwamba anateswa kwa ajili ya Kristo.

Kampeni ya nje, uwanjani au barabarani, ina utaratibu wake. Kifungu cha 26 kinadai kuiarifu mamlaka kwa maandishi. Kuarifu, si kuomba. Barua iwe nakala mbili, moja irudi na muhuri na tarehe. Ukiandika “tunaomba ruhusa”, wewe mwenyewe umewapa nafasi ya kukataa.

Kufuli likija kweli, mtu mmoja tu azungumze. Aombe amri iliyoandikwa, aangalie nani kaisaini na inataja sheria gani. Anakili majina na matricule (namba za kazi) za waliokuja. PV asiisaini kabla ya kuisoma yote. Kama ina uongo, aandike pingamizi lake kwanza, ndipo atie saini chini yake. Msiwapange mama na watoto mlangoni: kusukumana kidogo tu, na kesi ya ibada inageuka kesi ya kuasi polisi. Mchungaji akichukuliwa, andikeni saa. Kifungu cha 18 kinaweka kikomo cha saa 48 kabla ya kuachiwa au kufikishwa mbele ya mamlaka ya sheria.

Baada ya hapo ni malalamiko ya maandishi kwa yule yule aliyetoa uamuzi, na akikataa au akinyamaza, mahakama ya utawala. Siku zinahesabiwa tangu barua ya kufungwa ilipowafikia, kwa hiyo hata bahasha yake msiitupe.