Kamasi nyeusi

Stima ilipotea Nyalenda usiku kucha, tukalala na koroboi. Asubuhi kijana wangu akapenga kamasi, akaniletea kitambaa: "Mama, mbona nyeusi?" Sikumjibu. Kimawazo nilikuwa nimesharudi mochari.

Mjomba alikufa motoni. Nyumba iliungua, na kabla jivu halijapoa ukoo ulishaanza kunong'ona kwamba mkewe alimuua kwanza, kisha akawasha moto kuficha. Siku ya kupasua maiti, Baba mdogo alifika mlangoni mwa mochari akageuka, ikabidi niingie mimi kwa niaba ya familia.

Ngumi zilikuwa juu, mikono imekunjwa kifuani kama bondia. Waliokwenda kuutambua mwili walishaitangaza habari hiyo hadi Ahero: alikufa akipigana. Daktari akatikisa kichwa. "Joto hukaza misuli, dada. Hata maiti ikitupwa motoni hukunja ngumi." Malengelenge nayo hakutaka kuyategemea peke yake. Maiti pia hutoka malengelenge, akasema.

Kisha akapasua bomba la pumzi kwa urefu. Sikujua kwamba lina pete, moja juu ya nyingine, kama shingo ya kuku. Akachukua pamba nyeupe, akaipitisha ndani taratibu, jinsi mtu anavyopangusa kioo cha taa ya chemli, akaniinulia niione. Masizi. Yameshikana na ute, hadi kule chini bomba linakogawanyika kwenda mapafuni.

"Aliyekufa havuti moshi," akasema. Damu aliyochota kupima kaboni monoksidi, gesi ya moshi inayoifanya damu iwe nyekundu, ilikuwa nyekundu mno. Mimi nilitarajia nyeusi. "Nani aliwasha, sijui. Ila moto ulimkuta hai."

Uvumi wa kuuawa kwanza ukaishia hapo. (Mkewe hajaombwa radhi hadi leo.)

Mama alikuwa nje, kwenye benchi chini ya mwarobaini. Habari za mke hakuuliza. "Aliusikia moto?"

Daktari alikuwa ameniambia huenda moshi ulimpoteza fahamu kabla moto haujamfikia. Nikamwambia Mama ulimlaza kabisa, hakusikia kitu. Ile "huenda" nikaimeza. Akaikunja leso yake, akaikunjua, akaikunja tena.

"Mama, mbona nyeusi?"

"Ni masizi ya koroboi."

"Yaliingiaje?"

"Ulikuwa unapumua," nikamwambia, nikamvuta karibu nimwoshe uso.