Kwenda Haverstraw Kumzuru Lotte Lenya

Shangazi yangu wa Jersey City alipoambiwa nataka kwenda makaburini Jumamosi, aliuliza kafa nani.

"Lotte Lenya, Shangazi. Mwimbaji."

Hakumjua. Nilipomtajia Rosa Klebb, yule mama wa filamu ya James Bond ya 1963 mwenye kiatu cha kisu, akachukua funguo za gari.

Tulianzia Christopher Street, Manhattan, penye ukumbi mdogo wa Lucille Lortel, zamani Theatre de Lys. Nje ni mlango tu wa mtaani, ungeupita. Humo ndimo Lenya, binti wa mfua nguo na mwendesha gari la farasi wa Vienna, alipoigiza kahaba Jenny katika *The Threepenny Opera*, mchezo wa nyimbo, mwaka 1954, ana miaka 55. Nafasi hiyohiyo aliicheza Berlin mwaka 1928, na usiku wa kwanza jina lake halikuwamo kwenye programu. Mumewe Kurt Weill, mtunzi wa muziki wenyewe, alifoka. Onyesho la New York lilimpa Lenya tuzo ya Tony mwaka 1956, tuzo ambayo kwa desturi huenda kwa kumbi kubwa za Broadway.

Kisha tukashika barabara ya Palisades kuelekea kaskazini, mto Hudson ukiwa kuliani. New City, ambako Weill na Lenya walinunua nyumba mwaka 1941, tuliipita bila kusimama. Haverstraw ni mji wa mtoni chini ya mlima High Tor, na makaburi ya Mount Repose yako mlimani. Kupanda kulimtoa Shangazi jasho.

Jiwe la Weill, aliyefariki mwaka 1950, limechorwa noti za muziki kutoka *Lost in the Stars*, tamthilia yake ya mwisho, inayomhusu mchungaji wa Kizulu anayemtafuta mwanawe Johannesburg. Sikutarajia kuikuta Afrika Kusini pale. Lenya amelala pembeni yake tangu 1981.

Nilimsimulia Shangazi: walitalikiana 1933 wakati Wanazi wanashika nchi, wakaoana tena 1937, na baada ya Weill kufa aliolewa na wengine watatu.

"Na bado akaja kulala hapa?"

"Hapahapa."

Akaguna. Mguno wa kukubali, nadhani.

Garini nilimwekea nyimbo alizorekodi Ujerumani mwaka 1955. Lenya hakujua kusoma noti, na kufikia hapo sauti ilikuwa imezama kiasi kwamba nyimbo zilibidi zishushwe ili aziweze. Mimi naipenda zaidi hii ya uzee kuliko ile nyembamba ya ujanani: kila neno analitamka kama anakudai. Kijerumani hatukijui, lakini ubishi uliomo haukuhitaji mkalimani.

"Huyu haimbi," Shangazi akasema tulipokaribia daraja la George Washington. "Anagomba." Nikanyoosha mkono kuzima, akanipiga kofi la kidole. "Acha. Amalize."