Bafta ya Mama Mkubwa

Juzi nilikuwa Mwanga ya Kigoma, duka la vitambaa, nimefuata kitambaa cha pazia. Aliyenitangulia ni kijana anapimiwa bafta, kile kitambaa cheupe cha sanda. Muuzaji akakata kidogo pembeni, akauweka mkasi mezani, akashika ncha mbili na kuchana kwa mikono mpaka mwisho. Anayeujua mlio ule haulizi bafta inaenda wapi. Muuzaji naye hakuuliza, alipunguza bei mwenyewe. Lakini kijana hakuuliza upana. Alisema "nipe mita kumi", akalipa, akatoka mbio, nami nikabaki nimeshika pazia nikijiuliza kama nimkimbilie.

Mama Mkubwa angemkimbilia, na angemrudisha.

Mliokuwa mkija Ujiji enzi zile mnaijua nyumba yake: hujamaliza shikamoo umeshapewa kazi. Cherehani mlangoni, na watu wa aina mbili wakija bila hodi, wenye nguo za harusi na wenye msiba, maana mkono ulioshona magauni ya nusu ya mtaa ndio uliokuwa ukiosha maiti za wanawake wa mtaa huohuo. Meli ya Liemba ilikuwa bado ikienda na kurudi ziwani. Yeye alikuwa ametoka hospitali na majibu kwamba moyo umetanuka, apunguze chumvi, aache kubeba ndoo. Alichosikia yeye kilikuwa kingine. Akatuita wote. Wanaume wakakaa barazani na shehe wa mtaa, sisi wanawake tukaingia ndani, na tulidhani ni habari ya kiwanja. Tukakuta mkeka umetandikwa, juu yake jora la bafta, mkasi, tepu ya fundi na kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko.

"Nataka mnipime nikiwa naona," alisema.

Mama yangu akaanza kulia. "Dada, unajichuria."

"Lia, mdogo wangu, lakini shika huku."

Shangazi akasema hakuna haja ya kulala chini, urefu wake tunaujua. "Huo mnaoujua ni urefu wa kwenda sokoni," akajibu, akalala chali, akajinyoosha. Kisha akatufundisha. Maiti hapimwi kwa urefu wa kusimama, kwa sababu akilala nyayo huanguka mbele na vidole huongeza urefu. Pima kutoka utosini mpaka ncha ya vidole, halafu ongeza futi moja kichwani na futi moja miguuni za kukusanya na kufungia. Kwake tepu ilisoma mita 1.60, kwa hiyo kila shuka kubwa iwe mita 2.20. Wanaosahau futi zile mbili, alisema, utawaona makaburini wanavuta shuka huku na huku, wakifunika miguu kichwa kinatoka.

Mimi ndiye niliyeshika tepu upande wa miguu. Alikuwa ametia hina siku chache kabla, nyayo zimekoza, na kisigino cha kulia kina ufa aliokuwa akiupaka mawese kila usiku. Nilikuwa nimekaza tepu mno, ikamgusa ule ufa, akavuta mguu na kusema, "Taratibu, bado nasikia." Shangazi akacheka, akaziba mdomo. Mama Mkubwa mwenyewe akacheka kwa sauti, tumbo likatikisika juu ya mkeka, mama yangu akacheka huku machozi yakimtoka, na kule barazani shehe akakohoa kutukumbusha heshima. Sijawahi kuona tena watu wakicheka hivyo wakiwa wamezunguka sanda.

Akainuka, akakaa, akatukatisha. Mwanamke ana vipande vitano: shuka ya kiunoni, kanzu, ushungi, na shuka mbili kubwa za kuzungushia. Mwanamume ni shuka tatu, basi. Bafta ile ilikuwa na upana wa sentimita 90, na upana huo haumzunguki mtu mzima na kupandana, kwa hiyo kila shuka kubwa ni mapande mawili yaliyounganishwa ubavuni. Mapande manne kwa mita 2.20 ni mita 8.80. Kanzu, mbele na nyuma kutoka begani mpaka muundi, mita 2.60. Ya kiunoni mita moja na nusu, ushungi mita moja. Zikibaki kidogo ni za kamba na vitambaa vya mikono ya waoshaji, ndiyo maana yeye alikuwa akinunua 15. Ukipata bafta ya upana wa sentimita 150, tisa zinatosha. Basi mtu anayetaja mita kabla ya kuuliza upana anabahatisha, na duka la vitambaa halifunguliwi usiku kwa ajili ya aliyebahatisha.

Kanzu haishonwi kama nguo ya kuvaa. Unakunja kitambaa mara mbili, unapasua tundu la kichwa kwenye mkunjo, mbavu unaziacha wazi, kwa sababu mikono ya maiti haiingizwi kwenye mkono wa nguo. Kamba huchanwa kwenye pindo: moja juu ya kichwa, moja kiunoni, moja chini ya miguu, na zote hulegezwa kaburini. Kutandika ni kinyume cha kuvaa, akasema, akipanga moja moja mkekani: kamba chini, shuka kubwa mbili juu yake, ya juu imefukizwa udi, kisha kanzu na upande wake wa mbele umekunjwa kwenda kichwani, na ya kiunoni katikati. Usipotandika hivyo itabidi umwinue maiti mara tatu, na waoshaji wenyewe ni wanne, wawili kati yao wanalia.

Ya kuosha aliyapitia haraka kwa sababu wengi pale walishamsaidia. Kitanda kiinamie upande wa miguu, shimo la maji lichimbwe kabla maiti hajaletwa. Tumbo libonyezwe taratibu mwanzoni, si mwishoni. Ukilikumbuka mwishoni unaanza upya. Mkono ufungwe kitambaa, sehemu za siri zisiguswe kwa mkono mtupu wala kuangaliwa. Atawadhishwe, kisha kulia kabla ya kushoto, josho la kwanza kwa majani ya mkunazi yaliyopondwa, na usipoyapata sabuni inafaa, la kati maji matupu, la mwisho maji ya kafuri. Nywele misuko mitatu, ilazwe nyuma.

Hapo akafungua lile kopo. Kafuri yake ya kwanza, alisema, aliiweka kabatini ndani ya karatasi, na siku alipoihitaji alikuta karatasi inanukia na ndani hamna kitu. Kafuri hupotea hewani, inataka chombo cha kubana. Na dukani utauziwa zile tembe nyeupe za kufukuzia nondo kwenye nguo, na muuzaji ataapa kwamba ndiyo kafuri. Akaomba bakuli la maji, akadondosha kipande kutoka kwenye kopo: kikaelea. Akatoa tembe ya kabatini: ikazama chini. "Inayozama ni ya nondo." Kisha akasema isagwe iwe unga kabla ya kutiwa majini, maana haiyeyuki vizuri, na mapande yakibaki makubwa yatabaki yakielea juu ya maji.

Barazani mambo yalikuwa magumu zaidi, na mimi nilisikia kwa kupitia dirishani. Kaka yangu alikuwa akiandika, Mama Mkubwa akisema kutoka ndani. Madeni kwanza, ya kudai na ya kudaiwa, mpaka vipande viwili vya kitenge alivyokopa. Akataja waoshaji watatu kwa majina. Akasema cherehani ni ya mjukuu wake, na kile kiwanja cha Gungu ni cha binti yake. Shehe akamkatiza. Cherehani sawa, kwa kuwa mjukuu yule si mrithi maadamu wana wapo, na wasia kwa asiye mrithi unapita usipozidi theluthi ya mali baada ya gharama za mazishi na madeni. Lakini binti ni mrithi, fungu lake limeshawekwa, na wasia wa kumzidishia haupiti mpaka warithi wengine waridhie. Kimya. Kisha sauti kutoka ndani, kali: "Basi si wasia. Nampa leo, akakichukue." Shehe akasema akifanya hivyo ni hiba, na hiba hutimia kwa kukabidhi, kwa hiyo kesho waende wote wakaoneshwe mipaka, na karatasi ibadilishwe jina. Wakaenda. Kaka zake binti wakanuna, lakini walinuna mbele ya mama yao akiwa hai, na ilibidi wanune kwa adabu.

Jambo la mwisho lilikuwa kusafirishwa. "Nikifia Dar nizikwe Dar, nikifia Mwanza nizikwe Mwanza." Mjomba akapinga, mtu mkubwa wa Ujiji azikwe ugenini! Mama Mkubwa alikulia jirani na ule mnara wa Livingstone, amewaona watalii wakipiga picha chini ya miembe tangu utoto, na hadithi ya maiti ya Livingstone aliijua kuliko ya kukutana kwake na Stanley. Alifia kwa Chitambo mwaka 1873, leo ni Zambia. Watumishi wake Chuma, Susi na wenzao wakauzika moyo palepale, wakamtia chumvi, wakamkausha juani, wakamfunga kwa kitambaa na magome ya mti, wakambeba kwa miguu kupitia Tabora mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874, na Aprili akazikwa London. "Yule alikuwa na watu wa kumbeba miezi tisa," alisema. "Nyinyi kulipia gari tu mtachanga wiki nzima, mimi naharibika." Mjomba hakuwa na la kujibu.

Halafu hakufa. Aliacha chumvi, akaacha ndoo, akaishi miaka. Bafta ikakaa kabatini imekunjwa, na hapo ndipo ilipoanza kutembea: jirani kafiwa usiku, duka limefungwa, "Bi Mkubwa tusaidie," naye anatoa. Ikirudishwa nyingine anaikata upya kwa vipimo vyake. Wengine hawakurudisha, akawaandika kwenye daftari la madeni. Shuka ile niliyoishikia tepu miguuni ilimzika mtu mwingine kabisa.

Alipofariki kweli, palepale Ujiji, kazi ya ndani ilikwisha upesi. Kila kitu kilikuwa mahali pake, kafuri ilielea, shuka zilitosha. Kati ya waoshaji watatu aliowataja, wawili walikuwa wamemtangulia. Palipotaka kuharibika ni makaburini. Shemeji yetu kutoka Dar alikuwa amesimamia uchimbaji na kuelekeza kaburi kaskazini kamili, kama wanavyofanya kwao. Dar kibla ni kaskazini hasa, lakini Kigoma iko magharibi zaidi, kibla chake kinakata kuelekea mashariki kwa nyuzi kama 20. Kaburi lilikuwa limefika kiunoni. Mzee mmoja akanyoosha fimbo kufuata ukuta wa mihirabu wa msikiti, akaonesha tofauti, ikabidi wapanue ubavu mmoja. Mchanga wa juu ukaanza kumomonyoka, mwanandani, lile shimo la ubavuni mwa kaburi, ukakataa kushika, wakaamua kuchimba mfereji katikati ya kaburi na kuufunika kwa mbao. Udongo ukiwa tifutifu hiyo ndiyo njia, wala haina ubaya. Akalazwa ubavu wa kulia, kichwa mashariki.

Kisha matanga. Alikuwa amesema na ikaandikwa: siku tatu, jirani ndio walete chakula, wafiwa wasipike, arobaini isiwepo. Siku ya kwanza tulitii. Siku ya pili wageni wa Kasulu wakafika na basi zima, na wa Tabora wakashuka kwenye treni, na hakuna aliyeweza kuwaonesha karatasi watu waliosafiri usiku kucha. Tukapika. Arobaini nayo tukapika, pilau, mchele wa kukopa, na deni lile likawa letu. Kaka anasema tulimkosea. Mama yangu anasema mambo ya sanda yalikuwa yake na mambo ya sufuria yalikuwa yetu. Nimekuwa upande wa kaka miaka mingi. Siku hizi sina hakika, labda kwa sababu nakumbuka jinsi wale wa Kasulu walivyokula kimya kisha wakaanza kumsimulia.

Nilichochukua kwake ni tepu na tabia ya kuuliza. Mume wangu namuuliza karatasi ya kiwanja iko wapi, nani anamdai, akitutangulia tumpeleke kwao au tumzike hapahapa, naye hunijibu kwamba namchuria na kuhamisha mazungumzo kwenye mpira. Hadi sasa nimepata jibu moja tu: popote atakapozikwa, isiwe karibu na shemeji yake.