Siku moja maishani mwangu: bustani juu ya lava, Goma

Saa 12 asubuhi. Kazi yangu ni kutengeneza bustani, na hapa Goma, mashariki ya Kongo, bustani huanzia kwenye jiwe. Mtalimbo, nyundo na koleo viko juu ya chukudu, baiskeli ya mbao ya kusukuma, ya kijana ninayefanya naye kazi. Mvua imenyesha usiku, nami nimefurahi. Jiwe lililolowa likianza kukauka, nyufa ndizo hubaki na maji, hivyo unaziona zote.

Saa 1 na nusu. Tumefika kwa mama mmoja karibu na mtaa wa Birere. Kiwanja chake kimekaa juu ya lava ya Januari 2002, ile iliyotoka mlima wa volkano wa Nyiragongo, ikakata katikati ya mji hadi ikaingia Ziwa Kivu. "Papa, kwanza nitolee huu uchafu," ananiambia, akionyesha utando wa kijivu uliofunika jiwe.

Kwa kweli naumia kila ninapoona watu wanaukwangua. Ni likeni, yaani kuvu na mwani vinavyoishi pamoja. Hii ya kijivu, jamii ya Stereocaulon, huwahi kushika lava mpya kabla ya mimea, na ina bakteria wanaovuta nitrojeni kutoka hewani. Lava ya Nyiragongo ina potasiamu nyingi, lakini nitrojeni haina, na bila hiyo hakuna jani litakalostawi. Tena likeni hutoa asidi inayolegeza chembe za jiwe.

Nabandua kipande kwa ncha ya kisu. Chini yake jiwe halina tena ule ugumu wa kioo. Unga wa kahawia unabaki kidoleni. "Mama, huu ni udongo, umejitengeneza hapa hapa kwako." Anaugusa, anausaga kati ya vidole viwili. "Basi upande ule wa ukuta muuache," anasema.

Saa 4. Tunapasua. Lava ilipopoa ilisinyaa ikapasuka, na mipasuko hiyo ndiyo mlango wa kila kitu. Maji ya mvua hubeba kaboni dayoksaidi ya hewani, kwa hiyo yana uchachu kidogo; yakituama ndani ya ufa hula madini polepole. Chuma kilichomo hushika kutu, ndiyo maana kuta za ufa huu ni nyekundu ilhali jiwe lenyewe ni jeusi. Vumbi likajaa, ukoga ukaota, ndege akaangusha mbegu.

Katika ufa mmoja umeota mti mchanga wa jamii ya mkuyu. Mzizi wake umebanwa hadi ukawa bapa, lakini bamba la jiwe juu yake limeinuka kiasi cha kupitisha vidole. Naingiza mtalimbo hapo hapo. Bamba linang'oka bila pigo hata moja la nyundo. Kule juu kwenye milima ya Ruwenzori kuna barafu: maji yakiganda ndani ya ufa hupanuka kwa karibu asilimia 9 na kupasua mwamba. Goma hatuna baridi hiyo. Wapasuaji wetu ni mizizi na mvua.

Saa 7. Bugali na sambaza, samaki wadogo wa ziwani, kisha pikipiki hadi Buhene.

Saa 8 mchana. Hapa ni lava ya tarehe 22 Mei 2021. Bado inakata viatu. Vidoa vya kijivu vimeanza upande unaokaa na unyevu, na kangaga zimechomoza kwenye mashimo yenye kivuli. Mzee mwenye kiwanja anataka maharagwe.

"Mwanangu, hili jiwe litaoza lini?"

"Mzee, wewe na mimi hatutalingoja. Juu ya lava ya 1977 vichaka vimeshaota, lakini udongo wa kulima bado ni haba."

Kwa hiyo tunachimba mashimo kufuata nyufa, tunajaza udongo ulioletwa kwa gari, tunachanganya na samadi. Kufuata nyufa ni muhimu: maji ya ziada yapate pa kushukia, na mizizi ipate pa kupenya. Shimo lililochongwa katikati ya jiwe zima hugeuka bwawa msimu wa mvua, na mche huozea humo. Kangaga nimemwomba asizing'oe. Majani yake yakikauka na kuoza pale pale, yanaongeza udongo bila yeye kulipia gari.

Saa 11 jioni. Nimempigia dereva: samadi mifuko minne, ifike Birere kabla ya saa 2. Mama anataka lengalenga (mchicha) mbele ya mlango, na ukutani kwenye likeni sitapanda kitu.